Rangi ya Chini ya Gurudumu

Siku ya pili ya matanga ya Papa Birindwa, kule Bagira, mtaa wa mji wa Bukavu, niliketi chini ya turubai nyuma ya vijana watatu waliokuwa wanasubiri chai. Mmoja wao, mjukuu wa ndugu ya marehemu, alikuwa anawaeleza wenzake huyu muzee alikuwa nani. "Alikuwa mekanisie wa ndege, wakati ya Zaïre," alisema. "Lakini walimufukuza. Uzembe. Njo akamaliza maisha yake akiziba masufuria ku soko." Mwenzake akabetua mdomo. "Aba! Kutoka ndege mpaka sufuria!" Chai ikafika, wakaanza kuzungumza juu ya mpira. Chai yangu ilipoa mkononi. Nimepita miaka sabini, na magoti yangu hayanisaidii tena kuinuka kwa hasira, kwa hiyo nilibaki nimekaa. Uzembe! Neno hilo lilimfuata Papa Birindwa tangu mwaka ule hadi chini ya turubai ya matanga yake, likapita kwa watoto na sasa liko kwa wajukuu, na hakuna hata mmoja anayejua lilitoka wapi. Mimi najua. Nililiandika mimi, kwa Kifaransa kizuri, na mwandiko ambao walimu wangu walikuwa wakiusifu.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa nani. Wao hawana hatia katika jambo hili. Ninaeleza mwaka mmoja tu. Ulikuwa mwaka ule ambapo maduka ya wageni yalikuwa yamekwisha kupewa wananchi, na wananchi waliopewa walikuwa wamekwisha kuuza kilichokuwamo na kufunga milango. Ukitaka msumari Bukavu, unauliza juma zima. Nilikuwa na diploma ya sekondari, sehemu ya biolojia na kemia, na nilikuwa nimepata kazi katika kampuni ndogo ya ndege iliyokuwa inapeleka watu, dawa na barua Shabunda, mahali ambapo barabara ilikuwa imekufa. Ndege zenyewe zilikuwa mbili, kuukuu, na zililala uwanjani Kavumu. Lakini karakana ya magurudumu ilikuwa mjini, kwa sababu mjini ndiko kulikuwa na umeme na maji. Ninataja kemia makusudi. Watu wengine wakikosa husema hawakujua. Mimi nilikuwa nimesoma kemia miaka minne, nikapata alama nzuri. Hata udhuru wa ujinga sina.

Karakana ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana, na gurudumu lilipita kutoka kimoja hadi kingine kama mgonjwa hospitalini. Katika chumba cha kwanza tulitoa tairi, tukafungua bolti zilizoshikanisha nusu zake mbili, tukaondoa rangi ya zamani. Katika cha pili kulikuwa na beseni refu la chuma lililowekwa juu ya makaa, na ndani yake maji ya dawa ya rangi ya machungwa, ambayo hatukuruhusiwa kuyagusa kwa mkono mtupu. Chumba cha tatu kilikuwa cha kupaka rangi. Papa Birindwa alikuwa amekitundikia mashuka mlangoni na dirishani ili vumbi lisiingie, na mchana jua la ziwani lilipita katika mashuka yale na kufanya chumba kizima kuwa cheupe. Humo ndimo lilimokuwa kabati la mbao lenye kufuli. Papa Birindwa alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa na kucha zilizogeuka njano kwa dawa, na siku yangu ya kwanza aliniwekea nusu ya gurudumu mapajani. Nilijiandaa kubeba mzigo mzito, nikashtuka.

"Iko mwepesi, eh?" alisema. "Kupita hata alimini. Bazungu banaiita magnésium, banachanganya na vitu vingine kidogo. Njo maana ndege inaruka. Lakini sikia, Diplômé: hii si chuma. Hii iko chumvi yenye inajifanya chuma. Uiache wazi mu mvua ya Bukavu, itarudia kuwa chumvi."

Diplômé ndilo jina alilonipa, na halikuwa la heshima. Tangu siku ile hakunyamaza. Nisiisugue kwa brashi ya waya, kwa sababu unga wa waya unabaki ndani na kuanza kuila. Nisiisafishe kwa ndimu kama mama anavyosafisha sufuria ya alimini. Alinidondoshea ndimu kwenye kipande kibovu, na ile chuma ikachemka mbele ya macho yangu kama soda. Kutu yake si nyekundu, ni nyeupe, kama unga wa muhogo, na ukiona unga huo ukwangue wote mpaka ufike kwenye mwili mzuri. Kisha beseni la dawa, mpaka chuma igeuke rangi ya asali. Kisha maji ya moto, kisha kukausha, kisha rangi ya chini siku ileile kabla ya jioni, na bila kuigusa kwa vidole, maana jasho nalo ni chumvi. Ile rangi ya chini ilikuwa na dawa ndani yake, ilitoka Ulaya, na rangi yake ilikuwa kati ya njano na kijani. Bila ile, alisema, rangi ya juu ni nguo tu: inapendeza, lakini maji yanapita. Hata bolti za chuma zilichovywa katika rangi hiyo kabla ya kufungwa, na zilifungwa zikiwa bado mbichi, kwa sababu chuma ngumu ikigusana na hii nyepesi na maji yakaingia katikati, ile ngumu inakula mwenzake.

Alinichosha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa kila gurudumu aliyarudia yote tangu mwanzo, kana kwamba nilikuwa nimefika asubuhi ileile. "Umevaa ganti za mikono? Umenawa? Umegusa hapa? Na hii alama ni ya mukono ya nani?" Siku moja nilimjibu, "Papa, hata padri hasemi misa kila saa." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Padri akikosea, Mungu anasamehe. Hii chuma haisamehe," na akaanza upya kutoka brashi ya waya. Kijana mwenye diploma kufundishwa na mtu aliyeacha shule darasa la nne! Usiku nilijiambia kwamba nilikuwa najua sababu za mambo ambayo yeye aliyajua kwa mazoea tu. Ilikuwa kweli. Kweli hiyo haikumfaa mtu yeyote.

Nilikuwa nimepangishwa chumba nyuma ya nyumba yake Bagira, kati ya jiko na banda la sungura, kwa hiyo hata jioni sikumkwepa. Tulikula pamoja: bugali na sombe ya majani ya muhogo, ndagala, samaki wadogo kutoka Uvira, zilipopatikana, na mara nyingi maharagi na ndizi, kwa sababu mwaka ule mafuta yalikuwa yanatafutwa kama dawa. Mke wake, Maman Nabintu, alipakua kwanza kwa mume, kisha kwangu, kisha kwa watoto, na binti yao mkubwa, Nabintu mwenyewe, wa miaka minane, alikaa kwenye kigoda akinitazama jinsi ninavyokula, ili baadaye aniige mbele ya wadogo zake. Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa mbao nyembamba. Jioni moja nilimsikia Maman Nabintu akisema, "Huyu mutoto anasoma, lakini hana maskio." Na Papa Birindwa akajibu, "Mikono yake iko muzuri. Kichwa njo iko na haraka. Tutaitengeneza tu." Nililala nikiwa nimeudhika na wote wawili, hasa yeye aliyenitetea.

Rangi ya chini ilituishia mapema mwaka ule. Miezi saba tuliandika barua, na kila barua niliiandika mimi, maana Papa Birindwa alijua Kifaransa cha karakana tu: majina ya vifaa na matusi ya Wazungu wa zamani. Magurudumu yaliyotengenezwa yalipangwa ukutani yakiwa yamefungwa kwa karatasi yenye mafuta, yakisubiri. Hatimaye, kupitia Bujumbura, ukafika mkebe mmoja. Mmoja! Lita nne. Papa Birindwa aliufungua, akaukoroga kwa kijiti, akahesabu kwa vidole: magurudumu sita, kama hatutamwaga. Akaufunga, akaufungia kabatini. Majuma mawili baadaye mama yake alifariki Walungu, akaenda kuzika. Asubuhi ya kuondoka aliniachia ufunguo. Hakunipa mahubiri siku ile, alikuwa amelia. Alisema tu, "Diplômé, nusu mbili za gurudumu ziko tayari kwa dawa. Nikichelewa, zipitishe, upake. Unajua."

Nilijua. Lakini katika siku hizo mkubwa mmoja wa serikali alitangazwa kwamba atapita Bukavu, na kila kampuni iliamriwa kumpokea njiani kwa nyimbo, ngoma na majukwaa. Kampuni yetu ilikuwa na kiongozi wake wa chama, Citoyen Bisimwa (yaani mwananchi, ndivyo tulivyoamriwa kuitana), karani wa tiketi, mtu wa abakosti, suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Yeye alinichagua nisome hotuba ya kukaribisha. Niliiandika siku tatu. Nilikuwa ninaisoma kwa sauti kubwa katika chumba cha rangi, peke yangu, mbele ya mashuka, Bisimwa alipoingia akiwa amelowa jasho. Jukwaa la mbao lilikuwa tayari, alisema, lakini mji mzima hauna rangi ya kijani. Kampuni zote zimenunua. Jukwaa lisilo na rangi ya chama, siku kama ile! Macho yake yakazunguka chumbani, yakasimama kwenye kabati ambalo nilikuwa nimeliacha wazi.

"Na ile?"

"Ile si ya mbao, citoyen. Iko ya magurudumu."

Aliuinua mkebe, akachungulia. "Si iko kijani hii?"

"Iko njano-kijani."

"Kwa mbali itakuwa kijani. Mukubwa atapita na motokari, hatashuka kuja kulamba mbao." Kisha akaniwekea mkono begani. "Bwana hotuba, unataka kusoma juu ya mbao kama za jeneza? Tutabakisha kidogo. Na ingine itakuya."

Ningeweza kusema ufunguo si wangu. Ningeweza kusema lolote. Nilichofikiri, na nakiandika ingawa kinaniudhi mpaka leo, ni jinsi abakosti yangu ingeonekana juu ya jukwaa la kijani. Nikampa. Waliizimua kwa petroli ili itoshe, wakapaka jukwaa, na kilichobaki wakapaka mawe kumi na mawili kando ya barabara. Hawakubakisha hata tone. Siku yenyewe tulisimama tangu saa moja asubuhi. Akina mama wa ofisi walicheza mpaka sauti zikakauka. Karibu saa tisa magari yakatokea kwenye kona, manne, vioo vimefungwa, yakapita kwa mbio kuelekea Goma. Vumbi likatua juu ya jukwaa, juu ya mawe, juu ya karatasi yangu. Sikusoma hata neno la kwanza. Bisimwa alikunja bendera, akasema, "Ametuona," akaenda kula.

Papa Birindwa alituma habari kwamba angerudi Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Ningemngoja nimwambie. Angenitukana, angeandikisha barua nyingine, magurudumu yangekaa ukutani miezi mingine saba, na ndege moja ingebaki Kavumu. Hayo ndiyo yangetokea, si zaidi. Badala yake nilikwenda kwa fundi mmoja wa rangi aliyekuwa amemaliza kupaka madarasa ya shule, nikapata kwake mabaki ya rangi ya mafuta ya njano na kikombe cha ya buluu. Nilizichanganya katika mkebe uleule, tone kwa tone, nikilinganisha na alama zilizokauka kwenye mfuniko, mpaka jicho lisione tofauti na mkebe ukawa karibu kujaa tena. Nilijivunia, ndiyo. Nilizipitisha nusu mbili katika beseni la dawa vizuri kabisa, zikageuka rangi ya asali, nikasuuza, nikakausha, sikuzigusa kwa kidole, nikazipaka rangi ya madarasa. Bolti nikazichovya humohumo. Jumatatu Papa Birindwa aliingia amenyoa kichwa kwa ajili ya mama yake, akazigeuza zile nusu mbili kwenye mwanga. Alibonyeza kwa kidole gumba. "Inakauka pole," alisema. "Mvua hii." Kisha akanitazama, akasema kitu ambacho hakuwahi kuniambia: "Muzuri, Diplômé. Hakuna mutu atakuambia kitu tena." Akaandika jina lake kwenye kadi ya gurudumu, herufi moja moja, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo. Tangu asubuhi ile, kweli, aliacha kunirudia. Kimya chake kilinisumbua kuliko maneno.

Gurudumu lilidumu masika moja. Uwanja wa Shabunda ulikuwa wa udongo na majani, na wakati wa mvua ndege ilitua kama bata. Asubuhi moja redio ya Kavumu ikasema kwamba ukingo wa gurudumu la kushoto umepasuka wakati wa kutua, ndege imeingia kwenye majani, pangaboi la injini limepinda, na mwalimu mmoja amevunjika mfupa wa bega. Hakuna aliyekufa. Nimejikinga nyuma ya maneno hayo mawili kwa miaka mingi, kama mtu anayejikinga mvua kwa jani la mgomba. Gurudumu lililetwa ndani ya gunia. Papa Birindwa alililaza mezani, akaweka ukucha wake wa njano kwenye rangi, na rangi ikabanduka kama ganda la haragi lililochemshwa. Chini yake kulikuwa na unga mweupe, umelowa. Kuzunguka kila bolti kulikuwa na shimo. Alikaa juu ya ndoo.

"Diplômé. Hii iko rangi ya ile mukebe?"

"Ndiyo, papa."

Niliona uso wake ukitafuta mahali pengine pa kuweka kosa. Haukuja kwangu. Ulikwenda chumba cha pili. "Basi iko dawa," alisema. "Maji ya beseni imezeeka. Niliomba dawa ingine ya beseni mara tatu. Nilipashwa kukataa kufanya kazi na ile maji." Na kwa kuwa alikuwa mtu wa namna ile, alianza kujirudia yeye mwenyewe, kama alivyokuwa akinirudia mimi: angeyapima, angeyabadilisha, asingekwenda Walungu siku nyingi vile. Kuzika mama yake, alijilaumu hata hilo! Nilisimama pale nikitaka kumpigia kelele anyamaze.

Ofisi ikamletea demande d'explication. Wasomaji vijana hawajui hofu ya karatasi ile: unaulizwa kosa lako kwa maandishi, na unapaswa kujibu kwa maandishi ndani ya siku mbili, kwa Kifaransa, na saini. Alinipa mimi niandike. Ningefanya nini, kukataa? Lakini kabla sijaandika, mkurugenzi aliniita. Alikuwa na haraka na mafua. "Muzee akikubali kosa," alisema, "tunamuandikia blâme, tunafunga dosye. Akikatala, Kinshasa watatuma fundi wao kuja kukwangua ile rangi na kuipima." Sikusikia zaidi ya hapo. Kuipima! Fundi angechukua kipande cha ukubwa wa ukucha tu, na angejua ni rangi ya madarasa. Blâme ni karatasi ya onyo tu, nilijiambia. Mtu hafi kwa karatasi.

Niliandika jioni ile kwenye meza yao ya kulia, sahani zikiwa zimeondolewa, Maman Nabintu akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Papa Birindwa alisema maneno yake kwa Kiswahili, polepole, ili mkono wangu umfuate: maji ya dawa yalikuwa ya zamani, ameomba mara tatu, barua zipo. Niliandika hayo yote. Na katikati niliweka sentensi yangu, yenye kusema kwamba alikiri kuacha kufanya kazi iliyoamriwa, kwa uzembe wake peke yake. Alipomaliza aliniomba nimsomee. Nilimsomea kwa Kifaransa na kumgeuzia kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, na nilipofika kwenye ile, jicho langu likairuka kama mtu anavyoruka dimbwi. Haikuchukua muda wowote. "Umeandika muzuri," alisema. "Mimi singeweza." Akatia saini, ulimi kwenye kona ya mdomo.

Hawakumpa blâme. Walimfukuza kwa kosa zito, baada ya miaka kumi na tisa, bila kitu, na wakanipa mimi chumba chake cha rangi. Nilihama Bagira mwezi uleule, nikisema kwamba ni mbali na kazi. Maman Nabintu alinifungia ndagala za njiani. Yeye Papa Birindwa alianza kuziba masufuria sokoni, na watu waliniambia kwamba alikuwa anawasumbua wateja kwa kuwafundisha jinsi ya kuosha alimini. Nilikutana naye mara tatu au nne katika miaka yote iliyofuata. Kila mara aliuliza, "Maji ya beseni, munaibadilisha?" Kila mara nilisema ndiyo, nikamsalimia mama, nikaondoka. Kampuni ilikufa. Nchi ikabadilisha jina. Vita vikaja, vikaondoka, vikarudi. Nilikuwa na nafasi zaidi ya elfu za kwenda Bagira kwa mguu na kusema maneno kumi.

Basi, baada ya kuwasikia wale vijana na chai yao, nilirudi nyumbani nikaandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na siku ya kumaliza matanga nikaomba ruhusa ya kusema. Familia ilikuwa imekaa duara, sufuria za mchele zimefika, watu wanazitazama. Nilisoma. Ninataka kusema kwamba walinisikiliza kwa kicho. Hawakunisikiliza hivyo. Mtu mmoja aliuliza magnésium ni kitu gani, mwingine akamjibu ni dawa ya tumbo, na ikabidi niache kukiri nianze kueleza chuma. Nilipofika kwenye jukwaa, wazee waliokumbuka nyakati zile walipasuka kwa kicheko. "Mulipaka mawe na rangi ya ndege!" mmoja alisema akijipiga paja. "Na mukubwa hakusimama! Zaïre, Zaïre!" Hata yule mjukuu alicheka, akanigongea mkono: "Kumbe muzee hakukosa! Tonton, ulipashwa kutuambia hii zamani." Nilikunja karatasi. Nilikuja kuhukumiwa, na walikuwa wananipakulia mchele.

Nabintu hakucheka. Ana miaka karibu sitini sasa, na amekuwa muuguzi maisha yake yote. Ana njia ya kukutazama akingoja useme unapoumwa. "Tonton," alisema, "ile barua uliandika. Ulimusomea mbele atie saini?"

"Nilimusomea."

"Yote?"

Kwenye ukurasa wangu nilikuwa nimeandika kwamba barua ile haikumsaidia. Hivyo tu. Hata pale, hata baada ya kukesha nikiuandika, hata na yeye akiwa chini ya udongo, nilikuwa nimeiruka tena. Nilijichukia kwa namna ambayo sikujua kwamba mzee anaweza bado kujichukia.

"Hapana," nilisema.

"Uliruka nini?"

Nilimwambia ile sentensi. Ilitoka kwa Kifaransa, yote, bila kukosa hata neno, kama somo la shule. Kijiko kimoja tu kilikuwa kinakwangua sahani sasa.

"Papa hakujua Kifaransa ile," Nabintu alisema. "Iseme vile ulipashwa kumuambia. Kwa mesa ya kwetu, ile siku."

Nilishika mgongo wa kiti, nikasimama. Sikujua nitazame wapi, nikamtazama yeye.

"Papa Birindwa," nilisema, "hapa niliandika eti wewe njo uliacha kufanya kazi, kwa uzembe yako peke yako. Iko uwongo. Ni mimi. Usitie saini."